Chaja ya gari la umeme inapokataa nyumbani: dalili, chanzo na dawa kwa wakaaji wa Goma

Mtu wa Himbi au Keshero akishaleta Nissan Leaf iliyotumika Japani, kwa kawaida hupitisha kebo dirishani, anachomeka kwenye prizi ya sebuleni, na usiku wa kwanza mambo yanakwenda. Shida huja baadaye: taa nyekundu, prizi inayonuka, gari linaloamka asubuhi na betri ileile ya jana. Neno la kwanza linalotoka kinywani ni kwamba chaja imekufa.

Mara nyingi haijafa. Kwanza, kile kiboksi chenye taa katikati ya kebo si chaja. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, nayo ndiyo inayogeuza umeme wa nyumba kuwa umeme wa betri. Kazi ya kiboksi ni kupima umeme wa nyumba, kuongea na gari, na kufunga rilei (swichi ya ndani inayojifunga kwa umeme) ili umeme upite. Kikiona hatari, rilei haifungwi. Hapa Goma, kiboksi kinapokataa, mara nyingi kinaishitaki nyumba: waya wa ardhi usiofika ardhini, prizi iliyolegea, volti zilizoshuka. Kwa hiyo tuchunguze nyumba kabla ya kutuma hela ya kiboksi kipya.

Vifaa vya kuwa navyo ni maltimita nzuri, bisibisi yenye mpini uliofunikwa kwa plastiki, na tochi. Kabla ya kufungua prizi au kofre (sanduku la swichi za umeme wa nyumba), kata umeme kwenye dijonkteri kuu (swichi inayojikata umeme ukizidi), kisha pima kuhakikisha umekatika kweli, maana kuna nyumba ambazo dijonkteri imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) na fezi (waya unaoleta umeme) inaendelea kupita. Nyaya nene za rangi ya chungwa ndani ya gari usiziguse hata kidogo. Kwenye Leaf zinabeba umeme wa moja kwa moja wa volti 360 na zaidi.

Hakuna taa hata moja

Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu kwenye prizi ileile. Ikiwaka, prizi inapata umeme. Isipowaka, angalia Cash Power, mita ya kulipia kabla, kama yuniti zimeisha (usicheke, hutokea sana), kisha dijonkteri, kisha diferansieli (swichi inayojikata umeme unapovuja).

Prizi ikiwa nzima na kiboksi bado kimya, soma maandishi ya nyuma ya kiboksi. Nyumba za Japani zina umeme wa volti 100 na wa volti 200. Kebo iliyoandikwa AC100V peke yake ukiichomeka kwenye 220 utakuwa umeiua wewe mwenyewe. Iliyoandikwa 200V inakuwa juu ya kiwango chake kila ukiitumia hapa, na wakati wa usiku mtandao unapopanda hadi 240 inateseka zaidi. Afadhali kununua kebo ya 220 hadi 240 yenye kichwa cha Type 1, kile cha Leaf, chenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba.

Kuna jambo lingine la kebo za Japani. Plagi yake haiingii kwenye prizi zetu, kwa hiyo fundi huikata na kuweka nyingine. Kebo kadhaa zina kihisio cha joto ndani ya plagi, na nyaya zake mbili nyembamba hukatwa pamoja na plagi. Baada ya hapo kiboksi kinaonyesha kosa la joto hata kikiwa baridi, au hakiwaki kabisa. Ukiona plagi iliyobadilishwa, uliza ile ya zamani ilikuwa na nyaya ngapi.

Kiboksi kinawaka, gari halichaji

Hapa sababu ni ndogondogo na nyingi ni za bure.

Saa ya kuchaji ndiyo ya kwanza. Gari la Japani linakuja na menyu za Kijapani, na aliyekuwa nalo huko alikuwa ameliwekea muda wa kuchaji. Saa ya gari bado ni ya Tokyo, ambayo inatangulia Goma kwa saa 7, basi gari linangoja saa ambayo wewe huielewi. Bonyeza kitufe cha kufuta muda karibu na usukani, au ingia kwenye menyu ukizime kabisa.

Ya pili ni betri ndogo ya volti 12. Ikiwa dhaifu, kompyuta za gari haziamki, na betri kubwa haichajiwi hata kama kila kitu kingine ni kizima. Pima: betri iliyojaa na iliyopumzika iko karibu na 12,6. Chini ya 12 ichaji peke yake au ibadilishe. Nimeona watu wakitafuta kiboksi kipya hadi Kigali wakati kilichohitajika kilikuwa betri ya duka la vipuri.

Ya tatu ni kichwa cha kebo kutoingia hadi mwisho. Kinapoingia vizuri lazima usikie mlio wa kujifunga. Ndani ya kichwa cha Type 1, kile kitufe cha kidole gumba kimeunganishwa na vipinga vidogo: ukiwa hujakibonyeza gari linasoma omu 150 hivi, ukikibonyeza linasoma 480. Kitufe kikikwama chini kwa sababu ya vumbi, gari linaamini uko tayari kuchomoa, linakataa kuanza. Kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili, unaweza kupima kati ya pini ndogo ya vipinga hivyo na pini ya ardhi na kuona kama namba inabadilika unapobonyeza na kuachia.

Pini nyingine ndogo ndiyo ya mazungumzo. Kiboksi kinaweka hapo volti 12. Gari likichomekwa zinashuka hadi 9. Gari likisema liko tayari zinashuka hadi 6, na ndipo rilei inafungwa kwa mlio wa “tak”. Ukisikia “tak” na gari bado halichaji, tatizo liko upande wa gari. Usiposikia kabisa, mazungumzo hayajafika mwisho. Njia rahisi kuliko zote ni kuazima: kebo ya jirani kwenye gari lako, au kebo yako kwenye gari la jirani. Kwa dakika tano utajua nani mgonjwa.

Taa nyekundu ya ardhi

Hili ndilo tatizo la Goma hasa, na linahitaji kukaa nalo.

Mji umejengwa juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na chini yake kuna nyingine za zamani zaidi. Katika mitaa mingi ukichimba kidogo tu sururu inagonga jiwe. Fimbo ya ardhi ya mita moja na nusu haiingii. Fundi anaipiga nyundo hadi inapinda, kisha anaikata na kufunika kipande kilichobaki kwa changarawe. Lava yenye matundu haishiki maji, na bila unyevu umeme haupiti. Kwa macho kila kitu kipo: waya wa kijani na njano unatoka kwenye kofre, unapita ukutani, unazama chini. Kwa umeme, ule waya unaning’inia hewani. Na katika nyumba nyingi za mbao hata waya wenyewe haupo. Prizi ina pini ya tatu iliyofungwa kwenye si chochote.

Friji na televisheni hazijali. Kiboksi cha gari kinajali, kwa sababu bodi ya gari ni ya chuma, magurudumu ni mpira, na mtu anaiegemea akiwa amesimama peku kwenye tope. Umeme ukivuja ndani ya gari, njia ya kwenda ardhini ni ule waya. Usipokuwepo, njia ni mtu.

Kupima: weka maltimita kwenye volti za AC. Kati ya fezi na nyutro upate, tuseme, 225. Kati ya fezi na ardhi upate karibu namba hiyohiyo, na kati ya nyutro na ardhi volti chache tu. Ukipata 90 au 120 zinazochezacheza kati ya fezi na ardhi, waya wa ardhi umekatika au hauendi popote. Lakini angalia: kupata 225 si ushahidi kwamba ardhi ni nzuri. Maltimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata ardhi mbovu kabisa inaweza kuonyesha namba nzuri. Kipimo cha kweli ni telurometri, kifaa cha kupima omu za ardhi, na mafundi wanaofunga minara ya simu wanayo. Lenga omu 100 au chini. Hicho ndicho kiwango ambacho mafundi waliosomea kanuni za Kifaransa wamekizoea, na kiboksi kingi kinatosheka nacho. Pima wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Namba ya Aprili baada ya mvua inadanganya.

Dawa kwenye jiwe si fimbo ndefu zaidi. Ni waya mtupu wa shaba wa milimita 25 za mraba, uliolazwa kwenye mtaro unaozunguka nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioletwa kutoka nje, si kwa ile changarawe nyeusi iliyotoka mtaroni. Mtaro upite mahali penye unyevu: chini ya bomba la maji ya mvua, karibu na shimo la maji ya kuoshea. Ukikuta sehemu yenye udongo mahali pawili kiwanjani, piga fimbo mbili na uziunganishe, zikiwa mbali kwa mbali angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe; zikikaribiana zinafanya kazi ya moja. Anayejenga sasa hivi alaze waya huo chini ya msingi kabla ya kumwaga zege, gharama itakuwa ndogo sana. Chumvi ambayo wengine humwaga shimoni inashusha namba kwa muda, kisha mvua inaiosha na shaba inabaki imeliwa. Na bomba la maji usilitegemee, siku hizi ni la plastiki.

Sasa njia ya mkato. Fundi anakuja, anaona taa nyekundu, anasema: “Papa, hii chaja iko na kichwa nguvu. Tuipige ponti kidogo, itatulia.” Ponti ni kipande cha waya ndani ya prizi kinachounganisha nyutro na pini ya ardhi. Kiboksi kinapima, kinaona ardhi, taa inakuwa kijani, kila mtu anafurahi. Siku ambayo nyutro itakatika kwenye nguzo au kulegea kwenye kofre, bodi yote ya gari itakuwa na volti 220. Na hata nyutro ikiwa nzima, umeme ukivuja ndani ya gari diferansieli iliyo nyuma haitaona kitu kwa sababu umeme unarudi kwa njia ileile. Nyutro kukatika si ajabu hapa, upepo unatosha. Fundi aliyependekeza ponti mshukuru, mlipe usafiri, mtafute mwingine. Na ukinunua nyumba au kuhamia ya kukodi, fungua prizi ya gari (umeme ukiwa umekatwa) uangalie kama hakuna aliyekutangulia na kipande hicho.

Prizi inachemka, plagi inabadilika rangi

Friji inavuta umeme kwa vipindi, pasi kwa nusu saa. Gari linavuta ampea 10 hadi 16 mfululizo kwa saa 8, na hakuna kitu kingine nyumbani kinachofanya hivyo. Kiungo kilicholegea ambacho kimeishi miaka na televisheni bila shida kinaonyesha ubaya wake ndani ya wiki.

Hesabu ni fupi. Joto la kiungo ni ampea mara ampea mara omu za kiungo. Skrubu iliyolegea ikiwa na omu 0,1 tu, kwa ampea 16 inatoa wati 25,6 za joto mahali padogo kama ncha ya kidole. Ukishusha hadi ampea 10 inabaki wati 10. Ndiyo maana kupunguza ampea ni dawa ya haraka kabla fundi hajafika.

Baada ya saa moja ya kuchaji, weka mgongo wa mkono kwenye plastiki ya plagi. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, simamisha kuchaji kwenye gari kwanza, kisha chomoa. Alama nyingine ni plastiki iliyokuwa nyeupe sasa ya kahawia kuzunguka tundu moja tu, pini moja ya plagi iliyopoteza mng’aro, na harufu kama ya sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) waliooza ukutani, ambayo ni plastiki ya prizi inayopikwa.

Tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Kwanza meno ya ndani ya prizi: plagi ikiingia na kutoka bila kupingana, meno yamechoka, prizi ni ya kutupa. Kisha skrubu za nyuma. Waya wa nyuzinyuzi uliobanwa bila kofia ya chuma hulegea wenyewe kwa kupata joto na kupoa kila usiku. Kata sehemu iliyokuwa nyeusi hadi ufikie shaba inayong’aa, vaa kofia, kaza. Usirudishe shaba nyeusi chini ya skrubu mpya. Kisha angalia viungo vilivyofichwa: nyaya zilizosokotwa na kufungwa skochi juu ya dari, domino (kiunganishi cha skrubu) ya plastiki iliyoyeyuka nusu, mahali shaba ya nyumba inapokutana na aluminiamu ya waya wa nje. Shaba na aluminiamu zikigusana moja kwa moja zinalana. Hapo kunatakiwa kiungo maalumu cha metali mbili.

Halafu kuna waya wenyewe. Huko Birere utauziwa waya uliochapishwa 2,5 (milimita za mraba) ambao nje ni shaba na ndani ni aluminiamu. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umeshajua. Aluminiamu inapinga umeme mara 1,6 kuliko shaba ya unene uleule, na inavunjika kwenye skrubu. Rahisi yake inalipwa na prizi. Kebo ya kurefusha iliyozungushwa kwenye gurudumu ni ya kuondoa kabisa. Ikibidi kuitumia usiku mmoja, ifungue yote na uilaze wazi, maana ikiwa imejikunja inajipika yenyewe.

Kwenye nyumba ya mbao naongeza masharti mawili ambayo kwangu hayana mjadala. Prizi ya gari isigongomewe kwenye ubao. Iwekwe juu ya kipande cha bati au bamba la saruji linaloizidi pande zote. Na waya unaopita katikati ya mbao uwe ndani ya bomba. Haya yanahusu pia vichaji vya pikipiki za umeme, ambavyo wenye kazi ya taxi-moto huviacha sakafuni usiku kucha chini ya kitanda, feni yake ikivuta vumbi la lava. Kichaji cha betri ya lithiamu ya volti 72 na cha betri ya asidi ya volti 72 havibadilishani hata kama plagi inaingia.

Laini ya kudumu ya gari iwe yake peke yake kutoka kwenye kofre: waya wa shaba wa 2,5 na dijonkteri ya ampea 16 kwa kebo inayovuta 10 hadi 13. Anayetaka chaja ya ukutani ya ampea 32 aweke waya wa 6 kwenda juu, na kwanza aulize kama usajili wake wa umeme unabeba kilowati 7. Wengi hauwabebi. Na wengi hawahitaji: ampea 6 kwa volti 220 ni kilowati 1,3, kwa usiku wa saa 10 ni kWh 13. Leaf inakula kWh 15 hadi 18 kwa kilomita 100. Hata ukitoa zinazopotea njiani, usiku huo unatosha kwenda Sake na kurudi na bado ukazunguka mjini.

Inaanza vizuri, inakata saa moja jioni

Pima volti kwenye prizi kabla ya kuchaji, kisha wakati inachaji, kisha pima kwenye kofre ikiwa bado inachaji. Vipimo vitatu hivi vinakuambia karibu kila kitu.

Prizi ikishuka na kofre ikibaki juu, waya wa nyumba ni mwembamba au mrefu mno. Mfano: mita 40 za waya wa 1,5 kwa ampea 13 zinapoteza volti 12 na wati karibu 160, joto ambalo linakaa ndani ya ukuta wako. Waya wa 4 kwa urefu huohuo unapoteza chini ya volti 5.

Kofre nayo ikishuka, shida iko nje. Goma ina wauzaji wa umeme zaidi ya mmoja, SNEL, Virunga Energies, Nuru, na majirani wawili wanaweza kuwa kwenye mitandao tofauti, kwa hiyo namba za jirani si zako. Jioni, wakati majiko na pasi vimewashwa mtaa mzima, mwisho wa laini unaumia. Chaji baada ya saa nne usiku, na ushushe ampea. Regulateri ya volti ya bei nafuu siishauri: haikujengwa kubeba mzigo wa saa nane, na kila rilei yake inapolia “tak” kiboksi kinaona umeme umekatika na kuanza upya, hadi kinachoka na kujifunga.

Ikiwa kinyume chake taa za chumba kimoja zinang’aa kupita kiasi na za kingine zinafifia, au volti zinapanda juu ya 250, chomoa gari na kila kitu mara moja. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyokatika kwenye laini ya fezi tatu. Ita muuzaji wa umeme; hapo hakuna kazi ya nyumbani.

Diferansieli inaruka

Tatizo hili ligawanye. Chomeka kiboksi bila gari: ikiruka, ubaya uko kwenye plagi, kebo au kiboksi. Ikiruka pale tu gari linapoanza kuvuta, ubaya uko kwenye kichwa, tundu la gari au chaja ya ndani. Ikiruka siku za mvua tu, ni maji. Kausha kichwa na tundu, na kuanzia leo kitundike kikiangalia chini, chini ya paa, kikiwa na kofia yake.

Ikiruka bila mpango, angalia nini kingine kiko nyuma ya diferansieli hiyohiyo. Gari zima kabisa linavujisha miliampea chache kupitia vichujio vyake. Pampu ya maji inaongeza zake, friji ya zamani zake, na jumla inakaribia 30. Mpe gari diferansieli yake.

Angalia pia alama iliyochapwa juu yake. Yenye wimbi moja tu ni aina ya AC, na umeme wa moja kwa moja unaoweza kuvuja kutoka kwenye gari unaipumbaza: haitaruka hata siku inayotakiwa. Gari linataka aina ya A pamoja na kinga ya miliampea 6 za umeme wa moja kwa moja, ambayo viboksi vizuri vinayo ndani, au aina ya B. Kitufe cha T kibonyezwe kila mwezi, ukijua kwamba kinapima mashine ya diferansieli tu. Kinaruka vizuri hata kwenye nyumba isiyo na ardhi kabisa. Kuondoa diferansieli na kuweka dijonkteri ya kawaida “ili isisumbue” ni ndugu wa ponti.

Baada ya radi, baada ya umeme kurudi

Kivu ni nchi ya radi. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia data za setilaiti ya TRMM uliiweka Kabare, jirani ya Bukavu, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo, kwa miale 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Parafudri (kifaa cha kinga ya radi) kwenye kofre inasaidia, lakini inapeleka umeme wa radi kwenye ardhi, kwa hiyo bila ardhi ni pambo. Kidirisha chake kikitoka kijani kwenda nyekundu, imeshakufa kwa kazi yake, badilisha. Ukisikia radi inakaribia, simamisha kuchaji na uchomoe pande zote mbili.

Umeme unaporudi baada ya kukatika huja na mruko. Kiboksi kinachoonyesha kosa muda huo mara nyingi kimejifunga tu: chomoa kwenye gari, chomoa ukutani, ngoja dakika chache, rudisha ukutani kwanza kisha kwenye gari. Wakati wa kumaliza ni kinyume, gari kwanza. Kung’oa plagi ukutani ikiwa inavuta ampea 13 kunachora cheche zinazokula meno ya prizi. Protekteri ndogo za friji hazibebi mzigo huu. Kinachofaa ni rilei ya kuangalia volti ndani ya kofre, ya ampea 40 au 63, iliyowekwa kungoja sekunde 300 kabla ya kurudisha.

Kwenye jenereta

Jenereta ndogo nyingi nyutro yake haijaunganishwa na bodi, kwa hiyo kiboksi hakioni ardhi na kinakataa. Kuunganisha nyutro na bodi kunawezekana kwenye jenereta iliyosimama peke yake, lakini ikiwa inalisha nyumba kupitia swichi ya kubadilisha, kazi hiyo ni ya fundi anayeujua mchoro wa nyumba yako. Inverta (vigeuzi vya umeme wa betri) za mawimbi ya ngazi, zile za bei ya chini, zinakataliwa na chaja ya gari, na zikikubaliwa usizilazimishe.

Pini zimekuwa nyeusi

Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya salfa nyingi, na mvua inayopita ndani yake ndiyo inayokula mabati yetu haraka. Inakula pini pia. Ongeza vumbi jeusi la barabarani, linalokwangua. Pini zenye utando mwepesi zisafishe kwa dawa ya kupuliza ya viungo vya umeme, kebo ikiwa imechomolewa pande zote, na uziache zikauke kabisa. Msasa usitumie, unaondoa tabaka la fedha na mwezi unaofuata utakuwa pabaya zaidi. Mafuta ya kula na grisi ya pikipiki vinakamata vumbi. Pini yenye mashimo, au iliyozungukwa na plastiki iliyoyeyuka, haisafishwi. Kichwa kizima kibadilishwe, na kabla ya kukichomeka kipya angalia tundu la gari, kwa sababu pini iliyoungua huacha alama kwa mwenzake, na tundu bovu litaunguza kichwa kipya vilevile.

Kiboksi ambacho maji yameingia ndani usikikaushe juani ukakirudisha kazini. Kadi ya ndani inaweza kuwaka na kupita kila jaribio huku rilei yake imegandamana, na rilei iliyogandamana inaacha pini za kichwa na umeme hata kikiwa mkononi mwako. Hicho kikate kebo zake, zibaki za vipuri.